Chumba cha seva kinachokula umeme: jibu kwa msomaji wa Chumbageni, Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa TEHAMA katika taasisi moja hapa Tanga, maeneo ya Chumbageni. Chumba chetu cha seva kina raki nne, seva 22, UPS mbili (vifaa vya betri vinavyoshikilia seva umeme ukikatika) za kVA 20 kila moja, na viyoyozi vitatu vya ukutani vya BTU 24,000 vinavyofanya kazi usiku na mchana vikiwa vimewekwa nyuzi 16. Bili imepanda hadi mhasibu ananiita kila mwezi. Juzi kampuni moja ilikuja kutuuzia mtambo mpya wa kupoza. Walisema PUE yetu, yaani kipimo cha ufanisi wa umeme wa chumba cha seva, ni mbaya, na wakiufunga mtambo wao itashuka hadi 1.3. Mkurugenzi akaniuliza PUE yetu ni ngapi, nikakosa jibu. Naipimaje, na nianzie wapi kupunguza matumizi? Ni mimi dada yako, msomaji.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile la haraka: msisaini ununuzi wa mtambo huo kwa sasa. Huenda siku moja mtauhitaji. Lakini mtu anayekutajia PUE ya chumba kisicho na mita hata moja amekisia tu, na ahadi ya 1.3 iliyojengwa juu ya kisio hilo haina msingi. Kwa maelezo uliyonipa, naamini sehemu kubwa ya umeme unaopotea hapo inaweza kuokolewa kwa silikoni, vipande vya bati, mita chache na ujasiri wa kuzima seva zisizo na mwenyewe.

PUE yenyewe ni hesabu nyepesi. Unachukua umeme wote ulioingia kwenye kituo cha data kwa kipindi fulani, unaugawa kwa umeme uliofika kwenye vifaa vya kompyuta vyenyewe, yaani seva, hifadhi za data, swichi na ruta. Jibu likiwa 2, basi kwa kila uniti iliyofika kwenye seva, uniti nyingine nzima imekwenda kwenye viyoyozi, upotevu wa UPS, taa na mengineyo. Jibu haliwezi kushuka chini ya 1. Kipimo hiki kilienezwa na umoja wa makampuni uitwao The Green Grid mwaka 2007, na mwaka 2016 kikaingizwa kwenye viwango vya kimataifa kwa jina la ISO/IEC 30134-2. Uptime Institute, ambao huwauliza waendeshaji wa vituo duniani kila mwaka, walipata wastani wa takribani 2.5 mwaka 2007, na miaka ya karibuni wastani umeganda kati ya 1.5 na 1.6. Google hutangaza takribani 1.1 kwa vituo vyake vikubwa.

Usizitamani namba za Google. Kituo chao cha Hamina, nchini Ufini, hupozwa kwa maji baridi ya Ghuba ya Ufini. Watu huniuliza kwa nini sisi wa Tanga, tulio na bahari mlangoni, tusifanye vivyo hivyo. Jibu ni kwamba maji ya juu ya bahari yetu hushuka kwa shida chini ya nyuzi 25, na hewa yetu ya nje ni ya joto na imelowa karibu mwaka mzima. Nchi za baridi hufungua madirisha na kupoza seva kwa upepo. Wewe ukifanya hivyo Raskazone au Chumbageni unaingiza unyevu na chumvi ndani ya seva. Sisi tuna kazi yetu tofauti, nitaifikia.

Kupima

Mita yenu ya TANESCO haiwezi kukujibu kwa sababu inahesabu jengo zima, pamoja na ofisi, pampu ya maji na birika la chai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa chumba cha seva ni mali ya namna hiyo hasa. Kwa chumba chako nashauri mita ndogo nne za fezi tatu, zile zinazokaa ndani ya ubao kando ya breka, zenye koili za kuzungushia waya na mlango wa mawasiliano ili kompyuta izisome yenyewe. Moja ikae pale umeme wote wa chumba unapoingia, baada ya swichi ya kubadilisha kati ya TANESCO na jenereta, ili uniti za jenereta nazo zihesabiwe. Mbili zikae upande wa kutokea wa kila UPS. Ya nne ikae kwenye laini ya viyoyozi.

Kabla hujafunga chochote, fuata waya wa viyoyozi kwa macho yako mpaka mwisho. Katika majengo mengi viyoyozi vya chumba cha seva vimeungwa kwenye ubao wa korido au wa ofisi ya jirani, kwa sababu siku vinafungwa fundi alitafuta breka iliyo karibu. Chumba cha namna hiyo huonekana na PUE nzuri ajabu kwenye karatasi, kumbe nusu ya matumizi yake yamejificha ukutani kwa mwingine. Ukikuta hivyo, ongeza mita ya viyoyozi juu ya ile ya chumba unapojumlisha.

Viwango vinaruhusu umeme wa kompyuta upimwe unapotoka kwenye UPS, unapogawanywa kwenye raki, au kwenye plagi ya kila kifaa. Kadiri unavyosogea karibu na seva ndivyo hesabu inavyokuwa ya kweli. Kwenu, kupima unapotoka kwenye UPS kunatosha, ila uandike mahali ulipopimia kila unapotaja namba.

Kama fedha ya mita haijatoka, anza na klampu ya fundi umeme, lakini uwe mwangalifu. Klampu ya kawaida inasoma ampea. Ukizizidisha kwa volti unapata kVA, si kilowati, na tofauti baina yao ni pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli), ambayo huijui mpaka uwe na kifaa kinachoipima. Halafu kompresa ya kiyoyozi huwaka na kupumzika. Ukipima dakika inapumzika utafurahi bure, na ukipima inapowaka utaogopa bure. Kioo cha UPS nacho kina namba za kilowati. Zitumie kama kianzio, ukijua kwamba mzigo ukiwa mdogo sana usomaji wake hukosea zaidi.

Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ni kipindi. PUE halisi ni ya uniti zilizokusanywa mwaka mzima. Kwetu kuna kaskazi, Desemba hadi Machi, joto linapopanda hadi nyuzi 32 au 33 na kompresa hazipumziki. Kisha kuna kusi, Juni hadi Agosti, ambapo usiku unaweza kushuka kukaribia nyuzi 20. Aliyepima Februari na aliyepima Julai watakupa PUE mbili za chumba kimoja, na wote watakuwa wamesema kweli. Mtu akipima kabla ya kazi mwezi Februari na baada ya kazi mwezi Julai, sehemu ya sifa anayodai ni ya upepo wa kusi.

Mtego ulio ndani ya PUE

Hapa ndipo ninapotaka mkurugenzi wako aelewe vizuri kuliko popote, kwa hiyo nitakwenda polepole na namba. Ni za mfano, nimezikadiria kwa chumba kinachofanana na chako. Utaziondoa utakapopata zako.

Tuseme seva na swichi zinatumia kilowati 6 kwa wastani. UPS zinapoteza kilowati 1. Viyoyozi, kwa wastani wa saa 24, vinatumia kilowati 4.5, na taa na vidogo vingine 0.1. Jumla ni 11.6, na ukigawa kwa 6 unapata PUE ya 1.93. Kwa mwaka wenye saa 8,760 hizo ni uniti 101,616. Kwa mfano wa shilingi 350 kwa uniti (weka bei iliyo kwenye bili yenu pamoja na makato yake), ni zaidi ya shilingi milioni 35 na nusu.

Sasa tuseme umekagua seva zako 22 ukagundua kadhaa hazifanyi kazi ya mtu yeyote. Ukazizima. Matumizi ya kompyuta yakashuka hadi kilowati 4.5. Joto limepungua, kwa hiyo viyoyozi vimeshuka hadi 3.8, na upotevu wa UPS ni 0.9. Jumla mpya ni 9.3. Umeokoa uniti 20,148 kwa mwaka, kama shilingi milioni 7. Lakini gawa 9.3 kwa 4.5 uone: PUE imepanda kutoka 1.93 hadi 2.07. Umefanya kazi nzuri kuliko zote, na kipimo kinasema umeharibu.

Mtego wa pili unakwenda upande wa pili. Feni zilizo ndani ya seva zinahesabiwa kama umeme wa kompyuta. Ukipandisha joto la chumba kupita kiasi, seva huzikimbiza feni zake, na umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo: mwendo ukizidi kwa robo, umeme unakaribia kuwa maradufu. Namba ya chini kwenye mgawanyo imekua, viyoyozi vimepungua kidogo, PUE inashuka vizuri kabisa, na bili inapanda.

Kwa hiyo mwambie mkurugenzi kwamba PUE ni kioo cha kutazamia umeme unakokwenda, na ina faida hiyo kubwa, lakini TANESCO hawatozi kwa uwiano. Kila mwezi mpelekee uniti zote za chumba, uniti za kompyuta, na PUE ikiwa ya tatu. Akitaka namba moja tu, mpe ya kwanza. Na kama taasisi yenu iko kwenye daraja la wateja wanaolipia pia kilele cha kVA, yaani kiwango cha juu kabisa mlichovuta kwa mwezi, ongeza safu ya kilele, kwa sababu dakika chache ambazo viyoyozi vyote vitatu huwaka pamoja baada ya umeme kurudi zinaweza kuonekana kwenye bili ya mwezi mzima.

Seva zisizo na mwenyewe

Anzia hapa, kwa sababu kila wati unayoizima kwenye seva inazima pia sehemu ya wati ya UPS na ya kiyoyozi. Mwaka 2015 watafiti Jonathan Koomey na Jon Taylor walichunguza data za seva elfu kadhaa wakakuta takribani asilimia 30 zilikuwa hazijafanya kazi yoyote ya maana kwa miezi sita au zaidi, nazo zimewashwa. Seva isiyo na kazi hailali. Nyingi hula theluthi hadi nusu ya umeme wanaoula zikifanya kazi kwa nguvu zote, na za zamani hupita hapo.

Seva nyingi za miaka ya karibuni hujipima zenyewe na kuonyesha wati zao kwenye ukurasa wa usimamizi. Andika wati za kila moja, matumizi ya prosesa na mizigo ya mtandao kwa mwezi mmoja hadi miwili. Usiishie wiki moja, maana seva ya mishahara hulala siku 27 na kuamka mwisho wa mwezi, na ya mitihani huamka mara mbili kwa mwaka. Ile unayoidhania haina mwenyewe, chomoa kwanza waya wa mtandao, iache ikiwa imewashwa, uandike tarehe. Akija mtu kulalamika, unarudisha waya kwa sekunde. Mwisho wa mwezi ukipita, na mwisho wa muhula ikibidi, bila mtu kuuliza, nakili data yake mahali salama na uizime.

Zilizobaki, jiulize ngapi zinafanya kazi ndogo ndogo ambazo zingekaa pamoja kama mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazogawana seva moja) ndani ya seva mbili au tatu nzuri. Kwa taasisi nyingi nilizoziona ukanda huu wa pwani, jibu ni karibu zote. Lakini usinunue seva mpya kwa ajili ya hilo peke yake kabla hujaona uniti unazookoa zinalipa gharama. Kwanza tazama mipangilio ya umeme ndani ya seva ulizonazo: mara nyingi mafundi huziacha kwenye hali ya nguvu zote saa zote, wakati hali ya wastani ingewatosha watumiaji wako na wasingeona tofauti.

Maji ya kiyoyozi

Hili ndilo la kwetu wenyewe, na miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi huligusa kidogo tu. Kiyoyozi hufanya kazi mbili: kushusha joto la hewa na kukamua maji yaliyomo. Seva zako hazitoi maji hata tone. Kwa hiyo katika chumba kilichozibwa sawasawa, kwenye mpira wa kutolea maji wa kiyoyozi panapaswa kuwa pakavu au karibu na kukauka baada ya siku chache. Kama maji yanatiririka, yanatoka nje, na unayalipia.

Unaweza kuyapima leo bila kununua chochote. Weka ndoo ya lita 20 chini ya kila mpira, uhesabu lita za saa 24. Kila lita moja ya maji iliyokamuliwa imekula takribani uniti 0.68 za kazi ya kupoza. Tuseme umepata ndoo tatu, yaani lita 60, jambo ambalo kwenye kaskazi ya Tanga katika chumba kinachovuja halitanishangaza. Hizo ni karibu uniti 41 za kupoza kwa siku ambazo hazikuigusa seva yoyote. Kiyoyozi cha umri wa kati huhamisha kama uniti mbili na nusu za joto kwa kila uniti moja ya umeme, kwa hiyo umelipa kama uniti 16 za umeme, kila siku, kwa kukausha hewa ya Chumbageni.

Maji yanaingilia wapi? Tazama chini ya mlango, matundu ya nyaya yaliyopasuliwa ukutani na hayakuzibwa, madirisha ya zamani ya vioo vya kupachika hata kama yamefunikwa na pazia, na hasa juu ya dari: majengo mengi yana dari iliyo wazi kutoka chumba hadi chumba, na hewa ya paa inashuka hata ukidhani umefunga. Ziba matundu kwa povu na silikoni, jenga tofali pale penye dirisha au lipigilie ubao uliofunikwa plastiki nzito, weka mpira kwenye fremu ya mlango na chombo cha kuufunga wenyewe. Paka rangi isiyopitisha unyevu ukutani. Kisha rudisha ndoo zako uhesabu tena. Sijui kipimo kingine cha bei hii kinachosema kweli kama hicho.

Nyuzi 16 zinazidisha tatizo. Hewa ya nje ya kaskazi huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 24 au 25. Bati la raki lililo na nyuzi 17, mlango ukiachwa wazi mtu akibeba vifaa, linaweza kutoka jasho. Baridi kali mnayoiweka kwa nia ya kulinda seva ndiyo inayozisogeza karibu na maji.

Kupandisha nyuzi bila hofu

ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na kimesema hivyo tangu 2008. Unyevu, kwa toleo lao la 2021, wanataka usipite asilimia 70 pasipo na gesi za kutu hewani au 50 zikiwepo, na kiwango cha umande kisipite nyuzi 15. Angalia vizuri: ni hewa inayoingia kwenye uso wa seva. Joto la chumba kwa jumla na namba ya kwenye rimoti havihusiki. Kwa hiyo tundika vipimajoto mbele ya kila raki, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu. Nakuhakikishia vya juu vitakuwa na joto zaidi, na huenda ndicho chanzo cha nyuzi 16: seva moja ya juu ilipiga kelele ya joto, mtu akashusha rimoti ya chumba kizima.

Dawa ya seva hiyo ya juu ni kuizuia isivute hewa ya moto iliyotoka nyuma yake. Katika raki, kila nafasi isiyo na kifaa ni dirisha ambalo joto hurudi mbele. Izibe kwa vibati vya kuziba nafasi, na ukikosa vya dukani, fundi bati wa Ngamiani atakukatia kwa kipimo. Panga raki zitazamane uso kwa uso ili upande mmoja uwe ujia wa baridi na mgongoni uwe ujia wa joto. Utaratibu huo ulienezwa na Robert Sullivan wa IBM miaka ya 1990, na mpaka leo naona vyumba ambamo raki ya nyuma inavuta pumzi ya raki ya mbele. Elekeza viyoyozi vipulize kwenye ujia wa baridi.

Hapo ndipo upandishe nyuzi, moja kwa wiki, ukitazama vipimajoto vya juu na mita ya kompyuta. Ukiona wati za seva zinaanza kupanda pasipo kazi kuongezeka, feni zimeamka, rudi nyuma nyuzi moja. Kwa chumba kama chako natarajia utatulia kwenye 23 au 24 kwenye rimoti. Kisha endesha viyoyozi viwili na kimoja kipumzike kwa zamu. Uwezo wa vitatu ni kama kilowati 21 za kupoza, na joto lako lote, hata kabla ya kupunguza seva, halifiki nusu ya hizo kwa mbali.

Utaambiwa kwamba chumba kikiwa baridi sana mnapata muda umeme ukikatika. Tuhesabu. Chumba chenye mita za ujazo 40 kina hewa ya kilo 48 hivi. Seva za kilowati 6 zinaipandisha hewa hiyo nyuzi 8, yaani kutoka 16 hadi 24, kwa dakika moja tu. Kuta na mabati vinaongeza dakika kadhaa. Kwa dakika hizo mnalipa mwaka mzima. Kilicho na maana ni jenereta iwake haraka na viyoyozi vijiwashe vyenyewe umeme ukirudi. Vijaribu, zima breka na uiwashe tena. Viyoyozi vingi vya nyumbani hubaki vimezimika mpaka mtu abonyeze rimoti, na hilo ni hatari kuliko nyuzi 24.

Nje usisahau mashine za kutolea joto. Chumvi ya bahari hula mapezi yake ya alumini, na mapezi yaliyoliwa hayatoi joto. Yaoshwe kwa maji baridi ya bomba kila baada ya wiki chache, yasifungiwe kwenye kichochoro yakavuta joto lao wenyewe, na siku ya kununua mapya uliza yaliyopakwa kinga ya kutu.

Kwa kazi hizi za kuziba, kupanga hewa na kupandisha nyuzi, mfano wetu unashuka kutoka kilowati 9.3 hadi kama 7.9. PUE sasa ni 1.76, na mtambo mpya bado haujanunuliwa.

UPS na betri

Katika mfano wetu, UPS zako mbili zilianza kwa kugawana kilowati 6, yaani kila moja inabeba chini ya asilimia 20 ya uwezo wake. Hapo ndipo UPS hufanya kazi vibaya zaidi, maana sehemu ya upotevu wake haitegemei mzigo. Lakini usizime moja ili kupata namba nzuri. Kama seva zina pawa saplai mbili (viingizio viwili vya umeme) na kila moja inakula UPS yake, huo ndio ulinzi wenu. Ngoja betri zifikie mwisho wa umri, kisha badala ya kununua betri za kVA 20, pima mzigo uliobaki ununue UPS ndogo zinazolingana nao, au za moduli ambazo unaongeza kipande mzigo ukikua. Katika mfano wetu hilo lingeshusha jumla hadi karibu kilowati 7.2, PUE 1.6. Ni kilowati 4.4 chini ya tulikoanzia, zaidi ya uniti 38,000 kwa mwaka.

Tahadhari moja juu ya betri: za risasi zilizozibwa, ambazo ndizo nyingi, hutaka nyuzi 20 hadi 25, na umri wake hukatika karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi. Unapopandisha joto la chumba, hakikisha betri hazikai kwenye ujia wa joto.

Kampuni ikirudi

Wapokee kwa heshima, huenda mtambo wao ni mzuri. Waombe waandike kwenye mkataba uniti watakazookoa kwa mwaka, zisomwe kwenye mita zako nne, kaskazi ilinganishwe na kaskazi na kusi ilinganishwe na kusi, kwa mzigo wa seva ule ule, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu mpaka mwaka utimie. Uwape mzigo uliobaki baada ya kuzima seva, usiwape mzigo wa leo, vinginevyo watawauzia mtambo mkubwa mno ambao nao utafanya kazi kwa robo ya uwezo wake. Wakikubali masharti hayo, niandikie na namba zao tuzipitie pamoja. Wakikataa, fedha iliyotengwa inatosha kununua mita, vibati na mipira ya mlango, na itabaki.